Wajibu kwa Mgonjwa Asiyeonekana

Katika kila safari ya ndege ya wagonjwa kuna watu wawili wanaosifiwa na mmoja asiyetajwa. Husifiwa rubani aliyetua katika kiwanja cha nyasi jua likizama, na husifiwa daktari aliyeinama juu ya machela huku ndege ikiyumba mawinguni. Asiyetajwa ni yule aliyekaa chini ya taa usiku uliotangulia, karatasi mkononi, akihesabu vichupa vya dawa, akifungua na kufunga mitungi ya hewa, akijaribu mashine moja baada ya moja, kisha akatia sahihi yake na kwenda kulala. Hajui atakayebebwa kesho ni nani. Hajui kama ni mzee au mtoto mchanga, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa au mwanamume aliyepinduka na lori. Mgonjwa mwenyewe, saa ile, yamkini yu mzima, anakula na kucheka pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Nataka kuuliza katika insha hii swali moja. Je, mtu aweza kuwa na wajibu kwa mwenzake asiyemjua, kwa ajili ya msiba ambao haujatokea? Na kama aweza, wajibu huo una mipaka gani, maana ndege haiwezi kubeba kila kitu? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili ni dogo, swali la bohari na mizani. Lakini naona kwamba ndani yake limo jambo kubwa la maadili, na jambo hilo latuhusu hata sisi ambao huenda tusipande ndege ya wagonjwa katika maisha yetu yote.

Yafaa kwanza tutazame namna sanduku la dawa lilivyoingia katika habari za ndege. Mwaka 1928 mchungaji mmoja wa Kanisa la Presbiteri nchini Australia, John Flynn, alianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika mji wa Cloncurry, jimbo la Queensland. Safari ya kwanza ilifanyika tarehe 17 Mei mwaka ule. Bara la nchi ile ni pana na watu wake ni wachache; zilikuwako familia zilizokaa mamia ya maili mbali na daktari. Lakini ndege isiyo na habari ni kama kipofu. Ndipo fundi Alfred Traeger alipotengeneza redio iliyopata umeme wake kwa kukanyagwa kwa miguu, mfano wa cherehani, ikaanza kutumika mwaka 1929, na mtu wa shamba la mbali akaweza kuomba msaada. Hata hivyo ndege ilihitaji saa kadhaa kufika, na ugonjwa haungoji. Kwa hiyo tangu mwaka 1942 yalisambazwa masanduku ya dawa yaliyopangwa kwa namna moja, na kila dawa ikapewa namba. Daktari alisikiliza habari za mgonjwa kwa redio, kisha akaagiza dawa ya namba fulani, kiasi fulani. Mama wa shambani hakuhitaji kujua jina la dawa. Alihitaji kujua kusoma namba tu.

Mpango huu ulikuwa na akili nyingi, lakini nautaja kwa sababu ya imani iliyokuwamo ndani yake. Daktari aliagiza kitu asichokiona. Aliamini kwamba namba aliyoitaja, katika sanduku lililo maili 300 mbali naye, ni dawa ileile iliyoandikwa katika daftari lake. Naye mama aliimimina dawa ile kinywani mwa mtoto wake kwa imani hiyohiyo. Kati ya watu hao wawili alikuwapo wa tatu, ambaye hakusema neno katika redio: mpanga sanduku. Kama yeye alikosea, elimu yote ya daktari iligeuka sumu, na utii wote wa mama uligeuka kuwa mkono wa kumdhuru mwanawe. Haikosi kwamba wajibu wake ulikuwapo tangu siku alipoweka kichupa mahali pake, hata ikiwa mtoto yule alikuwa hajazaliwa.

Katika nchi zetu habari hii ilianza mwaka 1957, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoasisi huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika ya Mashariki, iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF. Kutoka Uwanja wa Wilson mjini Nairobi ndege ziliruka kwenda mahali ambapo barabara ilikuwa ndoto: Turkana, nchi ya Wamaasai, na vituo vya misheni vilivyotawanyika nyikani. Kizazi cha baba zetu kilimwona daktari akishuka kutoka mbinguni na mkoba wake. Mkoba ule ndio ninaotaka kuufungua.

Mtu aweza kudhani kwamba vifaa vya ndege ya wagonjwa ni vile vile vya hospitali, ila vimepunguzwa. Sivyo. Anga ina sheria zake, nayo humbadilisha mgonjwa na chombo pamoja. Ndege zirukazo juu sana hujazwa hewa kwa mashine ili abiria wapate kupumua, lakini kwa kawaida hewa ya chumbani mwake hailingani na ya pwani. Hulingana na ile ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Katika futi 8,000 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa usawa wa bahari. Mtu mwenye afya haoni tofauti. Mgonjwa ambaye pafu lake lafanya kazi kwa shida huiona upesi, kwa sababu kila pumzi humletea oksijeni pungufu kuliko ile aliyoikosa tayari akiwa ardhini.

Tena hewa iliyofungiwa mahali huvimba mgandamizo unapopungua, kama Robert Boyle alivyoeleza mwaka 1662. Katika futi 8,000 huongezeka kwa theluthi moja hivi. Kama mtu ameumia kifuani na hewa kidogo imeingia nje ya pafu, hewa ile iliyokuwa haimsumbui ardhini huweza kumbana pafu na moyo angani. Ndiyo maana bomba la kutolea hewa kifuani, pamoja na vali yake, ni lazima viwemo katika mzigo, na mara nyingi bomba lenyewe hutiwa kabla ndege haijaondoka. Puto dogo lizungukalo bomba la kupumulia kooni nalo huvimba, likaweza kuumiza koo. Hivyo hupimwa tena na tena, au hujazwa maji ya chumvi badala ya hewa. Chombo cha kusikilizia moyo, fahari ya kila daktari, hakifai kitu penye mngurumo wa injini. Daktari huyo aliyezoea kusikia analazimika kuona: hutazama kioo kinachochora mapigo ya moyo, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na kile kipimacho pumzi itokayo. Mashine inayolia ili kuonya haitoshi. Yapasa pia iwake taa.

Kwa hiyo orodha ya vifaa vya ndege ni jibu la maswali ambayo mgonjwa bado hajauliza. Mashine ya kupumulia, na mfuko wa kupulizia kwa mkono iwapo mashine itakufa. Mashine ya kushtua moyo uliopotea njia. Chombo cha kufyonza ute na damu kooni. Pampu za kusukuma dawa kidogo kidogo mshipani, zenye betri, na betri za akiba. Mifuko ya maji ya mishipa, na kifuko cha kuibana ili maji yatiririke hata pasipo nafasi ya kuitundika juu. Kisha dawa zenyewe: adrenalini ya moyo uliosimama na ya mtu aliyedhuriwa na dawa au nyuki, ketamini ya kutuliza maumivu makali pasipo kuizima pumzi upesi kama dawa nyingine, glukosi ya aliyeishiwa sukari, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, na kando yake kalsiamu glukonati, ambayo ndiyo mponyaji wa yule mponyaji akizidi kipimo. Jambo hili la mwisho ningependa msomaji alitafakari. Mpanga sanduku mwema hakuweka dawa tu. Aliweka na dawa ya kosa. Alikiri mapema kwamba mkono wa mwanadamu huteleza.

Sasa tuchukue oksijeni iwe mfano wa hesabu. Mtungi mmoja wa aina itumikayo sana una kama lita 680. Mgonjwa anahitaji lita 10 kila dakika. Safari angani ni saa 2. Mtu wa haraka atasema: dakika 120 mara 10 ni lita 1,200, mitungi 2 yatosha, na lita 160 zabaki. Mtu mwangalifu atauliza: kutoka kitandani hadi uwanjani ni nusu saa, na kutoka uwanjani hadi hospitali ya mjini ni nusu saa nyingine, mgonjwa hataacha kupumua njiani. Basi ni dakika 180, nazo ni lita 1,800. Na kama mawingu yatailazimisha ndege kuzunguka, au gari litachelewa? Aongeze nusu: lita 2,700. Mitungi 4 hutoa 2,720. Kati ya mitungi 2 na mitungi 4 hapana tofauti ya elimu. Wote wawili wamejua kuzidisha. Tofauti ni kwamba wa kwanza alihesabu safari ya ndege, wa pili akahesabu safari ya mtu. Twapenda kusema kwamba huruma ni jambo la moyo na hesabu ni jambo la kichwa. Hapa hesabu ndiyo huruma yenyewe, na aliyekosa subira ya kuhesabu amekosa huruma, hata kama machozi yake ni mepesi.

Lakini mitungi 4 ina uzito, na hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Ndege inayoondoka katika uwanja wa juu, kama Wilson ulio mita 1,690 hivi juu ya bahari, na hasa adhuhuri yenye joto, huinua mzigo mdogo kuliko iondokapo pwani alfajiri, kwa kuwa hewa nyepesi huipa mbawa na injini nguvu pungufu. Viwanja vingi vya nyikani ni vifupi. Petroli ya kurudia nayo ni mzigo. Basi kila kilo iliyopakiwa ni kilo ya kitu kingine iliyoachwa. Sanduku la kumtunzia mtoto mchanga katika joto, pamoja na mitungi yake, lina makumi ya kilo. Likiingia, huenda muuguzi wa pili akashuka. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye achaguaye cha kuacha hatakuwapo kitandani kinapokosekana; ni rahisi kwake kuuona mzigo ule mwepesi.

Wako watakaosema: na vibebwe vyote, kwa kuwa roho haina bei. Maneno haya ni mazuri lakini hayaruki. Mtaka yote hukosa yote, na ndege iliyozidishiwa mzigo haimwokoi mgonjwa wala rubani. Wengine watasema: na vibebwe vya walio wengi, tuhesabu magonjwa ya miaka iliyopita, tuchukue yanayotokea mara nyingi, mengine tuyaache. Maneno haya yana haki kubwa kuliko ya kwanza, lakini yakiachwa peke yake yana ukatili. Humwambia mgonjwa wa ugonjwa adimu: wewe u mmoja, kufa kwako hakuharibu hesabu.

Mimi naona kuna vipimo vitatu, wala kimoja hakitoshi bila vingine. Kipimo cha kwanza ni wingi: jambo hutokea mara ngapi? Cha pili ni wakati: kitu hiki kikikosekana, mgonjwa aweza kungoja hadi hospitali, au atakufa njiani? Cha tatu ni mbadala: je, kuna kingine mkobani kinachoweza kufanya kazi yake? Kwa vipimo hivi magnesiamu salfeti hupita mara moja, maana uzito wake ni gramu chache, na mwanamke mwenye kifafa cha mimba hawezi kungoja. Kwa vipimo hivi asidi traneksamiki hupita pia. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, uliowahusu majeruhi zaidi ya 20,000 wa nchi nyingi, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo vya wenye kutokwa na damu. Na uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionyesha kwamba inapocheleweshwa kupita saa 3 haisaidii tena, bali yaweza kudhuru. Basi dawa iliyo hospitalini na dawa iliyo ndegeni, ingawa ni moja kwa jina, si moja kwa faida. Saa imeigawa kuwa dawa mbili. Kwa kipimo cha tatu, ketamini hutangulia dawa nyingi, kwa sababu kichupa kimoja hutuliza maumivu, hulaza na huwezesha kuunga mfupa. Nacho huwaachia wengine nafasi.

Vipimo hivi havimwondolei mpanga sanduku uchungu wa kuacha. Humpa tu sababu anayoweza kuisema hadharani, mbele ya aliyeachwa. Nami nadhani hicho ndicho kipimo cha maadili katika kila uchaguzi wa lazima: je, ningeweza kumtazama usoni yule niliyemnyima, nikamweleza kwa nini, bila kuinamisha macho? Asiyeweza kufanya hivyo hakuchagua. Alisahau tu, kisha akauita usahaulifu wake uchaguzi.

Liko jambo jingine. Wahenga husema akiba haiozi. Kweli hiyo yafaa katika ghala la nafaka na katika mfuko wa fedha. Katika sanduku la dawa akiba huoza. Kila kichupa kina tarehe yake, na kikipita tarehe hiyo hubaki kimesimama safuni kama askari aliyekufa wima. Oksitosini, inayozuia damu ya mzazi, yataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikisahauliwa katika joto la uwanja wa nyikani hupoteza nguvu yake pole pole, wala rangi yake haibadiliki kumwonya mtu. Maovu mengi ya dunia yana harufu au sauti, hata mwenye kulala huamka. Uovu wa dawa iliyokufa hauna harufu. Hauonekani ila kwa mtu aliyeamua kuutafuta siku ambayo hapana lililomlazimisha. Ndiyo maana wajibu huu ni mzito kuliko ushujaa. Ushujaa huitwa na hatari iliyo mbele ya macho, na watazamaji wapo. Uangalifu hauitwi na mtu.

Aidha kuna morfini, ambayo hufungwa kwa kufuli na kuandikwa daftarini kila tone lake. Ulimwengu umekubaliana kuilinda hivyo, kwa Mapatano ya mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya, na mapatano hayohayo yakakiri kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kuondoa maumivu. Kwa kawaida hutakiwa sahihi za watu wawili. Wengine huona aibu: je, siaminiki? Lakini sahihi ya pili haimtuhumu wa kwanza. Humtunza. Mtu mmoja peke yake, usiku wa manane, amechoka, aweza kuandika kumi badala ya moja pasipo nia mbaya. Mwenzake ni macho yake ya akiba, kama betri ya pili ilivyo akiba ya mashine.

Lugha yetu imefanya jambo la ajabu kwa neno hili. Alama ya mkono tuiwekayo chini ya karatasi twaiita sahihi. Na jambo lisilo na kosa nalo twaliita sahihi. Atiaye sahihi asema, kwa neno lilelile moja, "mimi ni fulani" na "hili ni kweli". Mtu akiandika jina lake chini ya kitu asichokitazama, amelivunja neno lenyewe vipande viwili: kipande cha jina kimebaki, kipande cha kweli kimeanguka.

Nasema haya kwa sababu yaliingia nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu, ndugu wa mama, aliugua mapafu katika mji mdogo wa kusini mwa pwani, ikaonekana hapana budi apelekwe hospitali kubwa kwa ndege. Nilikuwa naye safarini. Tulipofika nusu ya njia muuguzi aligusa mtungi wa pili, akanyamaza, akaugusa tena. Katika karatasi mtungi ule uliandikwa umejaa. Mshale wake ulikuwa karibu na sifuri. Rubani aliishusha ndege chini kadiri alivyoweza, apate hewa nzito zaidi. Muuguzi akapunguza mtiririko na kumsaidia mjomba kwa mfuko wa mkono, na jasho likamtoka. Tulifika, mjomba yu hai. Siku ya sita akafariki. Daktari alituambia kwamba ugonjwa wake ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, na kwamba hapana awezaye kusema kama dakika zile za angani zilimdhuru ama sivyo.

Siku ya tatu ya matanga alikuja kijana mmoja, akasalimu, akaketi mwisho wa jamvi. Watu walipopungua alimwendea mkaza mjomba akamwamkia, akasema, "Mama, mtungi ule niliutia sahihi mimi. Sikuufungua. Wiki nzima ilikuwa imejaa mitungi mizima, nikadhani na huo ni mzima." Wanaume waliokuwapo walianza kunong'ona. Mkaza mjomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, roho ya mume wangu sikudai wewe; hiyo ina mwenyewe. Lakini ulipotia sahihi ulikuwa humjui. Sasa umekuja kwake, umemjua. Kila utakapotia sahihi, mkumbuke." Akaamuru aletewe chakula.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Wako wanafalsafa, kama Jeremy Bentham, wanaopima tendo kwa matokeo yake. Kwao kosa la kijana yule halina uzito ujulikanao, kwa kuwa matokeo yake hayajulikani. Wako wengine, kama Immanuel Kant, wanaotazama nia na wajibu. Lakini kijana hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwa mizani ya kwanza pekee ni vigumu kumhukumu, na kwa mizani ya nia njema ni rahisi kumwachilia. Hata hivyo sisi sote tuliokuwa juu ya jamvi tulijua kwamba kosa lipo, naye alilijua kutuzidi. Kosa lake lilikuwa kwamba alimpa mtu asiyeonekana heshima pungufu kuliko ile ambayo angempa anayeonekana. Lau mjomba angalikuwa amelala mbele yake usiku ule, akihema, asingethubutu kuuandika mtungi kabla ya kuufungua. Umbali na wakati ndivyo vilivyompumbaza. Navyo hutupumbaza sote: mwalimu asahihishaye mtihani bila kuusoma, mjenzi apunguzaye saruji katika ukuta utakaoegemewa na wajukuu, karani apigaye muhuri.

Hoja moja yabaki, na ni nzito, sipendi kuikwepa. Mtu aweza kusema: unatusimulia vichupa vya ndege moja imbebayo mgonjwa mmoja, na zahanati ya kijiji kile haina hata mtungi mmoja. Gharama ya safari moja ingaliwanunulia wengi dawa. Katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona, dunia nzima iliona watu wakifa kwa kukosa oksijeni ndani ya hospitali zenyewe. Je, uangalifu wa sanduku la ndege si anasa ya wachache?

Nakubali nusu ya hoja hii. Ndege isifanywe udhuru wa kuacha ardhi bila dawa. Msaada ushukao kutoka juu mara moja kwa mwezi haulingani na mkunga aliyepo kila usiku mwenye oksitosini iliyo baridi. Serikali ikinunua ndege na kuisahau zahanati, imependa kuonekana kuliko kuponya. Lakini nusu ya pili siikubali, kwa sababu huudhani uangalifu kuwa mali ipunguayo inapotumiwa. Sivyo ulivyo. Vipimo vitatu nilivyovitaja ni vya kabati la zahanati kama vilivyo vya sanduku la ndege. Tarehe za vichupa huisha ardhini kama angani. Na mtungi mtupu ulioandikwa umejaa huua pote pawili. Ndege imetufundisha jambo hili kwa ukali kwa sababu angani hapana duka la jirani. Tukilijifunza huko, hatuna ruhusa ya kulisahau tukishatua.

Basi narudi katika swali la kwanza. Mtu anao wajibu kwa asiyemjua, na wajibu huo hauanzi siku ya msiba. Huanza siku alipokubali kazi ambayo juu yake mwingine ataegemea bila kuuliza. Mipaka yake ni uwezo wake wa kweli: hakulazimishwa kubeba vyote, amelazimishwa kuchagua kwa sababu anayoweza kuisema, kuvitazama kwa macho yake vile alivyochagua, na kukiri alivyoviacha. Zaidi ya hapo hadaiwi. Pungufu ya hapo, anadaiwa hata kama hapana aliyekufa.

Nasikia kijana yule angali katika kazi ileile. Aliyenipa habari zake aliniambia kwamba huchukua muda mrefu kuliko wenzake, na kwamba wenzake hapo kwanza walimcheka. Hufungua kila mtungi, husubiri mshale utulie, hufunga, ndipo huandika.